Mbayuwayu Wamefika, Mvua Bado

Tangu nirudi Tabora baada ya miaka mingi ya kuishi Rostock, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, jamaa zangu wa Uyui hawaniulizi sana habari za mshahara wala za baridi ya Ulaya. Wanachotaka kujua ni kwa nini ninasimama uani kila alfajiri nikitazama juu. Nataka kujua msimu umefika wapi. Nimemkuta shangazi yangu, dada wa marehemu baba, bado anausoma mwaka kwa ndege kama alivyokuwa akiusoma nilipokuwa mtoto, na msimu huu nimekuwa nikimfuata shambani na kuandika anayoyasema. Ninayatoa hapa kwa sababu wengi wanaoizungumzia elimu hii ya wazee huichukua yote kwa mkupuo: ama wanaiamini nzima, ama wanaitupa nzima. Ukweli ni kwamba ndege hawasemi jambo moja. Kila ndege ana saa yake, na saa hizo hazikutiwa majira mahali pamoja.

Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kuishia Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huutolea utabiri pamoja na Kigoma, Katavi, Rukwa na mikoa mingine ya namna hiyo. Kuanzia Mei mvua hukatika, nyasi hukauka, na kufikia Agosti moshi wa mioto ya porini hutanda kila upande huku mwewe wakizunguka juu yake kuwinda panzi wanaokimbia. Hata hivyo misitu yetu ya miombo haisubiri mvua, na jambo hili ni gumu kumweleza mtu ambaye hajaishi nayo. Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa ngumu na visima vikiwa vimepungua, mitundu na miyombo huchipua majani machanga yenye rangi nyekundu, kwa maji iliyoyahifadhi katika mashina na yale ambayo mizizi mirefu huyafikia chini kabisa. Majani hayo laini huleta viwavi, na kwa ajili ya viwavi ndege wengi wa porini wanaokula wadudu hujenga viota na kutaga kabla tone la kwanza halijaanguka. Mtu anayemwona ndege amebeba kiwavi mdomoni mwezi wa Oktoba na kusema kwamba mvua imekaribia hakosei, ila aliyempa ndege huyo habari ni mti, si wingu.

Wala nafaka wana hesabu nyingine. Mnana na kweche hungoja nyasi ziote, zirefuke na kuanza kutoa mbegu, kwa hiyo viota vyao huonekana mvua ikiwa imekwisha kushika. Dume la kweche, ambaye kiangazi chote hatofautiani kirahisi na jike lake kwa rangi ya udongo aliyonayo, hubadilisha manyoya na kuwa mwekundu na mweusi, kisha hujitutumua juu ya mabua mbugani akigombea eneo lake. Tai na kipanga wengi hufanya kinyume kabisa, kwani hutaga katikati ya kiangazi, wakati nyasi zimeungua au zimelala na panya hana pa kujificha. Kwa hiyo katika shamba moja, ndani ya mwaka mmoja, kuna misimu mitatu ya kuzaa, na kila mmoja unafuata chakula chake.

Sasa nije kwa mbayuwayu, kwa sababu ndiye aliyezua ubishi nyumbani kwetu. Kule Rostock niliwajua mbayuwayu kama ndege wa mabanda ya ng'ombe. Hufika Aprili, hujenga kwa udongo juu ya boriti, hulea vifaranga, na kufikia Septemba hujipanga kwenye nyaya tayari kwa safari. Wazee wa vijijini kule wana msemo kwamba mbayuwayu huondoka kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwa Bikira Maria, yaani tarehe 8 Septemba, na ingawa hawaondoki wote siku moja, msemo huo una maana: safari yao husukumwa na kufupika kwa mchana huko walikozaliwa. Wanapofika huku Oktoba na kujaa kwenye nyaya za umeme kando ya barabara ya Urambo, hawajaja kwa sababu ya wingu lolote la Tabora. Mwaka ambao mvua imewahi watafika, na mwaka ambao mvua imechelewa watafika vilevile.

Binamu yangu aliwaona, na siku chache baadaye ikanyesha mvua moja nzito iliyolaza vumbi. Akapanda mahindi. Shangazi hakupanda. Nilipomuuliza sababu, aliniambia, "Baba, yule ni mgeni. Mgeni atakupaje habari za nyumba ambayo hata maji ya kunawa hajapewa?" Neno hilo la "baba" humwitia kila mtoto wa kiume wa kaka yake, hata aliye na mvi kama mimi. Mvua ilikatika, jua likarudi kwa ukali wake, mahindi ya binamu yakachipua na kunyauka, naye akalazimika kununua mbegu mara ya pili. Sisemi kwamba shangazi ni mtabiri. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kutenganisha ndege wa tarehe na ndege wa mvua, na sijawahi kumsikia akiueleza kwa maneno hayo.

Keremkerem nao wamegawanyika vivyo hivyo. Wale wakubwa wenye koo la manjano, wanaopita juu sana kwa makundi na kusikika kabla ya kuonekana, hutoka Ulaya na Asia, na wafuga nyuki wetu huwachukia kwa sababu zinazoeleweka. Yuko pia keremkerem mdogo wa miombo ambaye hana safari hiyo ndefu, na ambaye vitabuni amepewa jina la Richard Böhm, Mjerumani aliyekusanya ndege Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kufariki mwaka 1884 akiwa bado safarini. Nilipokuwa Ujerumani nililikuta jina lake limebandikwa kwa ndege kadhaa wa kwetu. Sina ugomvi na marehemu, lakini siamini kwamba aliwapata ndege hao pasipo watu wa hapa kumwonyesha wanapolala, na majina ya watu hao hayakubandikwa popote.

Rostock hiyohiyo ina kumbukumbu nyingine inayotuhusu. Mwaka 1822, karibu na mji mdogo wa Klütz, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa ameruka kutoka Afrika akiwa na mkuki umemchoma shingoni. Alikaushwa, na hadi leo yupo katika chuo kikuu cha Rostock, mkuki ukiwa palepale. Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wanabishana ndege wao huenda wapi wakati wa baridi, na wengine waliamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya maziwa. Mti wa mkuki ule ulikuwa wa Afrika, na ndege aliyeubeba akawa ushahidi ambao hakuna aliyeweza kuupinga. Nilimtazama mara nyingi nikimfikiria yule mwindaji ambaye mkuki wake ulipotea na ambaye hakupata kujua ulikofika.

Korongo weupe hupita huku wakielekea kusini na hurudi tena kabla ya Pasaka, lakini kwa mkulima wa Tabora korongo wa maana zaidi ni yule mdogo wao, mwenye mgongo mweusi na tumbo jeupe. Huyu ni Mwafrika mtupu. Huzaa katika nchi za ukanda wa Saheli wakati mvua zao zinanyesha katikati ya mwaka, na mvua hizo zikiisha huvuka ikweta kuja kwetu na kuendelea kusini, akifuata mvua zinakoelekea. Ndiyo maana shangazi humpa uzito ambao mbayuwayu hapewi. Korongo hawa hawatui ovyo. Hufuata mahali ambapo mvua imeshaamsha wadudu, na makundi yao yakiwa yanazunguka juu sana na kupita bila kutua, yeye huendelea kusafisha shamba bila haraka. Wakitua na kutembea kwa mistari kwenye majani machanga, hapo huacha jembe na kwenda kuangalia wanachokula, kwa maana huwa ni panzi, au kumbikumbi waliotoka jana yake, au viwavijeshi. Ikiwa ni viwavijeshi, mkulima ana siku chache tu za kuchukua hatua kabla mahindi na mtama havijabaki vijiti, na korongo, hata wawe wengi kiasi gani, hawawezi kuumaliza mlipuko mkubwa. Kwa hiyo dalili ileile huwa njema na mbaya kwa pamoja, na anayetaka kujua ni ipi itambidi aende mpaka walipotua, ainame na kutazama udongo.

Dudumizi nitampitia haraka, ingawa najua wengi watakaosoma hapa wangemweka wa kwanza. Sauti yake nzito inayoshuka hatua kwa hatua na kupanda kidogo mwishoni imepewa sifa ya kuita mvua karibu kila mahali Afrika Mashariki. Ni kweli kwamba hulia zaidi hewa inapokuwa na unyevu, lakini yeye ni mkazi wa vichaka vya maji, na alfajiri huweza kulia hata katika miezi ambayo hakuna anayewaza mvua. Shangazi humhesabu pale tu anapolia mchana wa joto mara kwa mara, tena kutoka zaidi ya upande mmoja. Mimi naona hata hapo anampendelea.

Ndege ambaye hana mjadala kwake ni mumbi. Asiyemjua amfikirie ndege mkubwa mweusi anayetembea ardhini, mwenye ngozi nyekundu usoni na shingoni, anayeishi na jamaa zake kwa kundi dogo na kulia kabla ya jua kuchomoza kwa sauti nzito ambayo kukiwa kimya husikika kilomita kadhaa. Kutoka kwetu hadi kusini mwa Afrika ameitwa ndege wa mvua, na sababu yake si ya kichawi. Msimu wake wa kutaga huangukia mwishoni mwa kiangazi na mwanzoni mwa mvua, na wakati huo kundi hulia sana kulinda eneo lake. Katika kundi zima huzaa dume mmoja na jike mmoja tu, wengine wakisaidia kulisha. Jike hutaga mayai mawili mara nyingi, lakini hulelewa kifaranga mmoja. Ni ndege wa maisha marefu anayezaa kidogo, kwa hiyo akiuawa mmoja pengo lake halizibiki upesi.

Msimu huu shangazi alimsikia mumbi upande wa magharibi, kwa mbali, asubuhi mbili mfululizo. Hakupanda papo hapo. Alikwenda kuchimba kwa jembe, akakuta unyevu umeingia chini kupita urefu wa kiganja, akasikiliza redio jioni, na kesho yake akaanza na shamba la juu, mbegu za la bondeni akiziweka. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mkulima anayesubiri mawingu ndipo aanze kutafuta jembe amechelewa, na anayewakimbilia ndege peke yao atanunua mbegu mara mbili. Utabiri wa mamlaka husema habari za mkoa mzima, mumbi husema habari za bonde moja, na bibi huyu asiyekuwa na simu ya kisasa ameziweka pamoja bila kuona kwamba zinapingana.

Kinachonisumbua ni neno hilo la "kwa mbali". Nilipokuwa mtoto mumbi walilia karibu na makaburi ya ukoo, nyuma ya boma letu. Hujenga katika mashimo ya miti mikubwa, na miti mikubwa ndiyo iliyokwenda kwenye mabani ya kukaushia tumbaku na kwenye matanuru ya mkaa. Siwalaumu wanaolima tumbaku, kwani ada yangu ya shule ilitokana nayo. Hata hivyo shina lenye shimo linalomtosha ndege wa ukubwa ule huchukua miaka mingi kupatikana, na hakuna kitalu cha miche kinachoweza kuliharakisha.

Kwa sasa kweche wamekwisha kuwa wekundu mbugani, mpunga umeanza kubeba, na hofu imehamia kwa kweleakwelea. Hawa nao wana mantiki yao: mvua za kwanza zinapootesha mbegu zilizodondoka ardhini, chakula chao hutoweka ghafla, na hulazimika kuhama kwenda mahali ambako mvua ilitangulia na nyasi zimekwisha kutoa mbegu mpya. Wakirudi na kukuta nyasi za porini zimekomaa vizuri, majaruba hupata nafuu kidogo. Shangazi huenda kuzitazama nyasi hizo kabla ya kuamua ni watoto wangapi wa kuwapeleka kuamia, na mwaka huu amesema wapelekwe wote.

Mimi nimeanza kuzunguka kwa majirani nikiorodhesha miti mikubwa yenye mashimo iliyobaki kati ya kwetu na mto, na kuwaomba wenye mashamba waiache. Wengi wamekubali bila maneno mengi. Mmoja amekataa, kwa hoja kwamba mninga wake unaitia kivuli tumbaku na kwamba mbao zake zina mnunuzi tayari. Bei anayoitaja si ya kudharau, nasi bado tunazungumza.