Kiuno gawa kwa sita

Mwaka 1992 nilimaliza darasa la saba katika kijiji kimoja wilayani Kilosa. Tulikuwa arobaini na kitu darasani. Waliochaguliwa kwenda sekondari ni wawili, wavulana wote. Sisi wengine hatukuambiwa kwamba hatukuchaguliwa, tuliambiwa tumefeli. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno nchi nzima, na mtoto angeweza kufanya vizuri akakosa pa kwenda. Hilo nimekuja kulijua ukubwani. Miaka thelathini na ushee nimeibeba ile "umefeli" kana kwamba ni jina langu.

Sasa nina miaka 47. Ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina watoto watatu, na tangu Februari nasoma QT. Kwa asiyeijua, huo ni Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, kwa sisi ambao hatukupita sekondari. Usipoufaulu huwezi kujisajili kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mungu akijalia, Novemba hii QT, mwakani kidato cha nne.

Kilichonisukuma ni daftari la binti yangu wa mwisho. Sare yake ya kidato cha kwanza niliishona mwenyewe, sketi ya marinda na shati jeupe, kama ninavyowashonea watoto wa watu kila Desemba. Jioni moja akaniletea swali la hesabu nimsaidie. Sikufika hata kwenye hesabu yenyewe. Swali lilikuwa la Kiingereza na sikuweza kulisoma.

Nilipompigia mama kijijini kumweleza nia yangu, aliuliza jambo moja tu: "Madaftari umenunua?" Mama yangu ni wa kizazi cha kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata mama alijifunza kusoma chini ya mwembe, kaka yangu mkubwa akiwa mgongoni. Wateja wangu wengine wameniuliza nitapata faida gani kwa umri huu. Mama hakuuliza.

Vipindi vinaanza saa kumi na moja jioni. Wenzangu wengi ni vijana wanaorudia mitihani. Siku ya kwanza mwalimu alipoingia, kijana wa miaka ishirini na kitu, wote walisimama, nami nikasimama. Alisalimia darasa, akaja hadi kwenye dawati langu, akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo mama." Nikaitika, "Marahaba, mwalimu." Tangu hapo kila mmoja ameshika nafasi yake na sijaona aibu tena kunyoosha mkono.

Ugumu wangu ni lugha. Msingi tulisoma kwa Kiswahili, sekondari karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Mwezi wa tatu mwalimu alichora duara ubaoni, akataja neno refu ambalo sikuwahi kulisikia. Binti aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza: "Mzingo." Mzingo! Urefu wa kulizunguka duara. Mzingo, kipenyo, pai, hayo niliyakariri darasa la saba nikayaacha huko huko.

Halafu akaandika kwamba mzingo ni mara mbili ya pai, mara nusu kipenyo. Mbili mara 3.14 ni 6.28. Nikaweka kalamu chini.

Fundi aliyenifundisha kazi alinipa kanuni ya sketi ya mwavuli, ile inayofunguka duara zima ukizunguka: kunja kitambaa kiwe tabaka nne, chukua kiuno gawa kwa sita, pima kutoka kwenye pembe, zungusha chaki. Kiuno cha inchi 30 unapima inchi 5. Nimekata hivyo miaka zaidi ya ishirini, na kila mara kiuno kilizidi, nikapunguza pembeni, nikidhani mkasi wangu una tatizo. Kumbe kiuno ndicho mzingo, na nusu kipenyo ya inchi 5 inazaa mzingo wa 31.4. Ile inchi moja na karibu nusu niliyokuwa nikiikunja na kuificha kwenye mshono, iko kwenye hesabu. Fundi wangu hakukosea sana, alipewa sita na aliyemfundisha. Lakini nilikuwa na duara mikononi muda wote huo, na jina lake nilikuwa nalo tangu nikiwa na miaka kumi na minne, na hapakuwa na mtu wa kunionyesha kwamba ni kitu kimoja.

Nililia njiani kurudi nyumbani. Sikulia kwa uchungu peke yake.

Jumamosi nilikata sketi ya mwavuli ya mama mmoja wa kiuno cha inchi 34. Gawa kwa 6.28, unapata 5.4. Ilimkaa bila kupunguzwa popote. Namba hiyo, 6.28, nimeiandika kwa chaki ukutani juu ya cherehani, na msichana ninayemfundisha kazi nimemweleza imetoka wapi.

Baiolojia bado inanitoa jasho. Kesho jioni tuna jaribio la mzunguko wa damu, na binti yangu ameahidi kunisikiliza nikitaja sehemu za moyo, kwa Kiingereza, kabla hatujalala.