Kioo cha Mama

Jana baada ya isha yule wetu wa pili aliniita mezani. Siku hizi anachora saketi kwa KiCad, programu ya kompyuta, na alikuwa ameigeuza bodi kwenye skrini aitazame kwa upande wa chini. "Baba, mbona huku maandishi yako kinyume?"

Nilinyamaza hadi akaniita tena. Mimi nilishafika uani kwetu Kibokoni, mwaka 1997.

Ami alikuwa amenipa kipande cha bodi yenye shaba upande mmoja, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, na mchoro wa taa ya kumweka: IC ya 555, yaani chipu ndogo ya kupima muda, rezista mbili za kiloomu 10 na 68, kapasita ya maikrofaradi 10. Taa ingemweka mara moja hivi kila sekunde. Nikaibonyeza IC kwenye karatasi mpaka miguu yake 8 ikatoboa, nikapata vipimo, kisha nikachora njia zote kwa maka nyeusi juu ya shaba. Siku mbili nzima. Kila mstari niliupitia mara tatu, maana wino ukiwa mwembamba, dawa inayokula shaba isiyofunikwa hupenya.

Dawa yenyewe ni feriki kloraidi, nyeusi kama kahawa tungu. Niliimimina kwenye kopo la plastiki, kwa kuwa hula chuma, nikaliweka juani lipate moto, nikawa nalipembeza taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto. Dakika 10 hakuna kitu. Shaba imefifia tu, imekuwa ya waridi. Halafu ukingo ukaanza kuachia. Manjano ya bodi yakachungulia, yakatambaa kuelekea katikati, yakiizunguka mistari yangu bila kuigusa. Alasiri ikaadhiniwa, mimi bado nimechutama pale pale. Mikono yangu ilikuwa haijawahi kutengeneza kitu kizuri namna ile.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Nikatoboa, nikalehemu, nikaunga betri ya volti 9. Taa haikuwaka. Nilipoigusa IC iliniunguza kidole.

Ami hakunigombeza. Alimwomba mama kioo chake cha mkono, akaisimamisha bodi mbele yake. Ndani ya kioo kila njia ilionekana jinsi ilivyopaswa kuchorwa.

"Umeichora unavyoiona IC kwa juu," akasema. "Shaba iko chini, mwanangu. Ukiitazama kwa huko, mguu wa 1 uko pale ulipodhani pana wa 8."

Chanya ya betri ilikuwa imeingia mguu wa hasi. Akatoa 555 nyingine, akailaza upande wa shaba, akaikunjua miguu, akailehemu hapo hapo. Taa ikamweka, ikazima, ikamweka.

Nilimweleza binti yangu yote hayo. Programu yake inajua upande upi ni upi, na njia zikigusana humwonyesha kabla bodi haijatengenezwa. Kosa langu halitamfika, na sitaki limfike. Hata hivyo natamani achore moja kwa mkono, akae juani na kopo lake, angoje ukingo uachie. Nimejiuliza usiku kucha ni kwa faida yake au ni kwa ajili yangu tu.

Asubuhi nimekuta kioo cha mamake mezani, kando ya kompyuta.