Plasta ya jicho: nilivyomuweza binti yangu wa miaka minne

Kama mwanao hajafika miaka saba na una wasiwasi na macho yake, usimsikilize anayekwambia subiri aanze darasa la kwanza. Mi niliambiwa na shangazi, nikaambiwa na majirani, hadi duka moja la miwani, jamaa kamwonyesha binti herufi ukutani, mtoto kanyamaza, eti hajui kusoma huyu, mrudishe akishajua. Sasa mtoto wa miaka minne asome nini bana?

Nilishtukia kwenye mchezo tu. Ukimziba jicho la kulia anacheka, ukiziba la kushoto anakuwa mkali, anasukuma mkono, analia. Nikadhani deko, kesho yake nikarudia, vilevile. Na kwa kumwangalia huoni kitu, makengeza hana, anaokota hadi punje ya mchele sakafuni, kumbe anatumia jicho moja.

Wadogo wanapimwa kwa zile E zinazoangalia kila upande, haihitaji kusoma. Nikachora E kwenye karatasi nikabandika ukutani, nikampa uma wa jikoni, meno ya uma yaangalie E inapoangalia. Mke wangu akatucheka mpaka basi. Tulipofika hospitali ya CCBRT, Msasani, Dar es Salaam, nikautoa uma mfukoni, nesi kabaki mdomo wazi, binti kajibu fasta kwa jicho la kushoto, la kulia kaishia E kubwa za juu. Wakamtia matone ya kupanua mboni (nenda na kofia, mwanga unawaumiza), majibu jicho vivu. Namba ya miwani ni kubwa upande mmoja, ubongo umeamua kulitumia lile lisilo na shida tu, na ukichelewa akishakuwa mkubwa kulirudisha ni kazi. Dawa yake miwani, pamoja na plasta kwenye jicho lisilo na shida masaa mawili kila siku, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi.

Miwani haikusumbua, laki na ushee. Vita ikawa plasta. Nikibandika anabandua. Pipi, anakula kisha anabandua. Nikaziba kioo cha miwani kwa karatasi nikajiona mjanja, akawa anachungulia pembeni shingo imepinda kama kuku kaona mwewe.

Ndo nikaja na la simu. Nikamwambia simu ya baba siku hizi inafunguka ikiona plasta tu. Akija bila plasta namuwekea mbele ya uso, kimya, haiwaki. Akibandikwa namuwekea tena huku nagusa kwa kidole pale nyuma panapoifungua, katuni hizo! Macho yalimtoka. Siku chache tu mtoto anakuja na plasta mkononi alfajiri, "Baba nibandike, simu inanisubiri." Mama yake nusura aharibu dili, kafungua simu mbele yake akiwa hana plasta, ikabidi niseme ya mama ni ya zamani.

Klinik ya juzi kashuka mistari kadhaa kwa jicho la kulia, na hiyo sifa naichukua mimi na kidole changu.

Halafu picha za flashi, ukiona mboni moja inatoa weupe kila ukipiga, kimbia hospitali wiki hiyohiyo, inaweza kuwa saratani ya jicho. Na fremu usinunue kubwa eti atakua nayo, inateleza puani anaangalia kwa juu, hela imekwenda. Chukua inayomkaa vizuri, yenye mpira wa kufunga nyuma ya kichwa.