Nilichobadilisha kwenye Glock yangu

Bastola ya Glock 17 hutoka kiwandani na vilengeo (vile vya kulengea shabaha juu yake) vya plastiki. Nilivitoa vyote, nikatia vya chuma. Cha mbele kina doa la kijani, maana jua la Mombasa la saa saba mchana hulimeza lile doa jeupe la kiwandani. Risasi zikaanza kupiga chini ya shabaha: cha mbele kilikuwa kirefu mno, fundi mwenye leseni akakibadilisha kwa kifupi. Kifyatulio sikigusi. Wenzangu wa klabu ya kulenga shabaha wananicheka, na wacheke! Pesa yangu naona heri iende kwa risasi za mazoezi na mafuta ya kuipaka bastola. Hewa hii ya chumvi haina simile. Slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua, haina neno, lakini kile kiskrubu cha kilengeo kisipopakwa mafuta hushika kutu upesi.