HP5 Plus na Tri-X chini ya jua la Unguja

Mzee mmoja mpiga picha wa Mji Mkongwe alinikaribisha kwenye chumba chake cha giza, tukazipambanisha filamu mbili za picha nyeusi na nyeupe, Ilford HP5 Plus na Kodak Tri-X 400. Zote ni za ISO 400, yaani wepesi wao wa kupokea mwanga ni sawa. Tulizipiga mchana wa jua kali: mtu wa kanzu nyeupe kando ya ukuta uliopakwa chokaa, na nyuma yake mlango wa nakshi uliokuwa kivulini. Lenzi ileile ya mm 50, kasi 1/500, f/11, yaani stopu moja (mwanga maradufu) zaidi ya kipimo cha juani ili nakshi zisizame kwenye weusi.

Dawa ya kusafishia ilikuwa D-76, ml 300 kwa maji ml 300, ya kutumia mara moja na kumwaga. Kila filamu ilipata tangi lake, maana kwa nyuzi 20 HP5 Plus huchukua dakika 11 na Tri-X 9¾. Ukiziweka pamoja, moja lazima ipate muda usio wake, na filamu italaumiwa bure.

Maji ya bomba kule ni vuguvugu. Chupa zote, hata ya fiksa (dawa ya kuidhibiti picha isiharibiwe na mwanga) na maji ya kuoshea, zilikaa kwenye beseni la barafu.

“Barafu isiguse dawa, mwanangu,” mzee alisema. “Ikiyeyuka, vipimo vyote vimeharibika.”

Tangi lilipinduliwa mara nne katika sekunde 10 za mwanzo, kisha mara nne kila dakika ilipoanza, na kugongwa mezani kutoa viputo. Kupindua kwa pupa huongeza kontrasti, yaani tofauti ya weupe na weusi, na mikunjo ya kanzu ndiyo hupotea kwanza.

Kwenye enlaja, mashine ya kukuza picha kwenye karatasi, hatukukisia muda. Tulichapa ukingo wa filamu usiopigwa mwanga, tukatafuta sekunde chache kabisa zinazoufanya uwe mweusi tii kwenye karatasi. Muda huo, kwa filta namba 2 (ya kontrasti ya wastani), ndio uliochapa picha nzima; kila filamu kwa ukingo wake, maana uwazi wao haulingani.

Hapo tofauti ikajitokeza. Picha ya HP5 Plus ilikuwa laini: kola ya kanzu ilionekana uzi kwa uzi, na ukuta ulibaki na alama za brashi. Tri-X ilikuwa na nguvu zaidi katika kijivu cha kati, uso ulisimama vizuri, lakini bega lililoelekea jua lilibaki jeupe tupu. Chembechembe za filamu kwenye picha ya sm 20 kwa 25 zilikaribiana mno kwa ukubwa. Sioni sababu ya kuchagua filamu kwa hilo.

Kwa jua la pwani naichagua HP5 Plus. Mwenye Tri-X apunguze usafishaji kwa asilimia 15, kama dakika 8¼, na bega litarudi. Siku za mawingu ya masika aipe dakika zake zote.