Asubuhi Kwarteng alipofutwa kazi

Ijumaa ya tarehe 14 Oktoba 2022 nilikuwa zamu ya alfajiri, meza ya habari za kimataifa, kwenye gazeti moja la Minneapolis. London ilikuwa imeshapita saa sita mchana habari ilipotufikia: waziri mkuu wa Uingereza, Liz Truss, amemfuta kazi waziri wake wa fedha, Kwasi Kwarteng, siku 38 tu baada ya kumteua. Jamaa alikuwa Washington kwenye mikutano ya Shirika la Fedha la Kimataifa, akakatisha safari na kuruka usiku kurudi nyumbani. Nafasi yake ikaenda kwa Jeremy Hunt.

Mwenzangu wa zamu, Mmarekani, alikuwa ameshaandika kichwa cha habari kinachomwita Kwarteng "Chancellor", basi. Nikamwambia msomaji wetu akikutana na neno hilo atamfikiria kiongozi wa Ujerumani au mkuu wa chuo kikuu. Akajibu, "Tumpe cheo cha Janet Yellen, waziri wetu wa fedha: Treasury Secretary. Hicho kila mtu anakielewa."

Nilikataa katakata. Siku hiyohiyo Truss alikuwa amemhamisha pia Chris Philp, ambaye cheo chake kilikuwa Chief Secretary to the Treasury. Huyo ndiye namba mbili pale Hazina (Treasury), yaani wizara ya fedha, msimamizi wa matumizi ya wizara zote, lakini Kwarteng akiitwa Treasury Secretary, kwa sikio la Mmarekani huyu mwenye neno "Chief", mkuu, anasikika kama bosi wake. Nikafungua picha ya mlango wa Namba 10 Downing Street, nikaivuta karibu mpaka kwenye kibao cha shaba cha tundu la barua. Kimechongwa: First Lord of the Treasury. Ni cheo cha waziri mkuu mwenyewe. Yaani Truss alikuwa na neno Hazina kwenye cheo chake, Philp alikuwa nalo, na mtu anayeiendesha Hazina anaitwa Chancellor of the Exchequer. Mwenzangu aliinama kwenye skrini akasoma, kisha akafuta kichwa chake cha habari.

Kilichobaki kigumu ni Philp, aliyepelekwa kuwa Paymaster General, yaani Mlipaji Mkuu. Mwenzangu alitaka tuandike "afisa anayelipa bili za serikali". Baba yangu alikuwa mhasibu serikalini, Tanzania, na kwetu Mlipaji Mkuu wa Serikali ni Katibu Mkuu wa Hazina, mtumishi wa umma mwenye madaraka mazito. Uingereza kiti hicho hukaliwa na mwanasiasa, na kazi zake nyingi ziko nje ya malipo. Tukaandika kwamba amehamishiwa uwaziri wa ngazi ya chini.

Kwarteng tukamwandika hivi: waziri wa fedha wa Uingereza, mpangaji wa kodi na bajeti ya serikali. Cheo chake rasmi kikaja aya ya nne, mara moja. Nililipigania hilo kwa sababu habari yenyewe ilisimama juu ya bajeti yake ya Septemba 23, yenye punguzo la kodi la pauni bilioni 45 lisilo na chanzo cha fedha, lililofanya pauni ishuke mbele ya dola hadi kiwango cha chini kuliko wakati wowote. Msomaji asipojua kwamba aliyefukuzwa ndiye aliyeisoma bajeti ile bungeni, amesoma majina tu.

Jumatatu Hunt alipofuta karibu punguzo lote la kodi la mtangulizi wake, mwenzangu aliandika "waziri wa fedha" bila kuniuliza.