Kondoo walijaza kiwele na dume hakuwepo

Hii ilikuwa 2018, ile mvua ambayo bwawa la Solai lilipasuka mwezi wa tano, watu wa Nakuru mnaikumbuka. Sisi tuko upande wa Njoro, maji yale hayakutufikia ila matope tulikula ya kutosha, gamubuti zilikuwa hazikauki, na ni kwa hayo matope nilimwita kijana wangu wa shamba nyuma ya boma nikamwambia ashike yule kondoo wa masikio meusi, nimwangalie vizuri huku nyuma.

Kiwele. Kondoo hajafikisha mwaka, hajawahi kuzaa, na ana kiwele kimejaa kama ngumi, ngozi imevutika inang'aa, chuchu zimesimama kando kando. Nikashika wa pili, hivyo hivyo. Kwa majike wanane, sita walikuwa na kitu.

Na mimi dume sina. Nilinunua hao majike Desemba wakiwa na miezi kama mitano, Dorper kros, hao kondoo wa nyama waliochanganywa damu, nikaapa hawatapandwa mpaka wafike kilo 40 na kitu ndio nikodi dume la maana. Mwanaume pekee kwa boma langu alikuwa mmoja aliyehasiwa kitambo, ananona akingoja Krismasi.

Basi nikaanza hesabu, na hesabu ndiyo iliniharibia. Kondoo anabeba miezi mitano, siku 147 au 150 hivi. Tuko mwanzo wa Juni. Ukirudi nyuma unafika Januari, na Januari ndio nilienda Nairobi siku tisa, dada yangu alikuwa amefanyiwa operesheni, nikamwachia kijana boma lote peke yake. Na jirani ana dume moja linazurura hadi barabarani. Kwa kichwa changu kesi ilikuwa imeisha, kilichobaki ni hukumu.

"Madam, hakuna dume limeingia hapa," akasema. Nikamwambia kiwele hakidanganyi. Akarudia tu hivyo hivyo, macho yako chini, na mimi nikaona hiyo kuangalia chini ni kukiri. Nikamkata elfu mbili kwa mshahara. Na hiyo ndiyo sehemu naonea aibu mpaka leo, nikampigia mamake kule Kakamega, nikamshtaki kama mtoto wa shule. Mama wa watu akaniomba msamaha kwa kitu hakijui, akasema atamwongelesha.

Halafu kwa sababu sasa nina wajawazito sita, nikaanza kuwalea kama wajawazito. Nilikuwa na karibu robo eka ya lusini, majani ya mifugo ambayo wengine huita alfalfa, na mvua ilikuwa imeifanya imejaa imelala. Nikamwambia kijana awakatie mara mbili ya kawaida, asubuhi na jioni, wajenge maziwa. Kweli viwele vikaongezeka! Wiki mbili hivi nikawa nimetenga kona ya kuzalia, nimeweka nyasi kavu, nimenunua na iodini ya kupaka vitovu vya wanakondoo.

Kijana hakuwa anaongea sana siku hizo. Nikagundua usiku mmoja nikienda choo kwamba halali kwa chumba chake, amejikunja pale kwa banda la kondoo na blanketi na tochi. Nikamuuliza unafanya nini hapa na baridi hii. Akaniambia anangoja hilo dume. Yaani nilikuwa nimemsema mpaka yeye mwenyewe ameanza kuamini liko, linakuja usiku, na yeye ndiye hulala fofofo.

Jioni ya tatu au ya nne ya huo ulinzi wake akaja jikoni bila hodi, mvua inamchuruzika. "Madam njoo." Nikaenda. Alikuwa amemshika yule aliyehasiwa, amemkalisha kwa matako vile tunawakalisha tukikata kwato, tumbo juu. Akanimulikia tochi.

Dume la kondoo lina vichuchu, vidogo tu pale karibu na mfuko wa korodani, huwa huvioni usipovitafuta. Vya huyu vilikuwa virefu kama pingili ya kidole changu na chini yake pamevimba. Nikakamua kimoja kidogo, kikatoka kitone cha maji meupemeupe. Kwa dume!

Kijana akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu hiyo kesi. "Na huyu pia nilimwachia dume?"

Sikuwa na la kusema. Asubuhi nikapigia daktari wa mifugo. Alikuja na pikipiki, akashika viwele kimoja kimoja, havina joto, hawarushi teke akibonyeza, kwa hivyo si ugonjwa wa kiwele. Akawaminya tumbo, hakusikia kitu. Akaangalia chini ya mkia, kumevimba kidogo kwa watatu. Halafu akaacha kondoo kabisa akauliza wanakula nini.

Tukampeleka kwa lusini. Akachuma jani akaliweka kwa kiganja, na hapo ndio niliona kitu nilikuwa nakipita kila siku, madoa madogo ya kahawia ya mviringo, kama mtu amechovya ncha ya kiberiti, na majani ya chini yamekuwa manjano yanadondoka. Kuvu ya mvua. Akasema lusini ikishambuliwa na kuvu kama hiyo, au hata wadudu mafuta, inatengeneza kwa wingi kemikali inaitwa kumestroli, na mwili wa kondoo ukiipata unaichukua kama homoni ya kike. Kiwele kinajaa bila mimba, chuchu za aliyehasiwa zinarefuka, na jike ukimpeleka kwa dume wakati huo anaweza asishike au ashike mmoja mahali angeshika mapacha. Akanisimulia Australia ya magharibi miaka ya 1940, kondoo waliokula aina fulani ya klova, nayo ni majani ya malisho, mwaka baada ya mwaka mpaka wengine wakawa tasa moja kwa moja, na waliohasiwa wakatoa maziwa. Nikamuuliza wangu wameharibika? Akasema hapana, hii ya kwako ni ya muda, acha hiyo lusini, wape nyasi ya Boma Rhodes, na usilete dume kwanza. Lusini nyingine uikate mapema, kabla haijashikwa na madoa.

Sasa piga hesabu ya pili. Niliona kiwele nikadhani mimba, nikadhani mimba nikaongeza lusini, nikaongeza lusini kiwele kikakua, nikaona kiwele kimekua nikazidi kumkasirikia kijana. Daktari alikuwa anaandika risiti, mimi natafuta pa kuangalia.

Elfu mbili nilirudisha hiyo jioni. Alizipokea akazitia mfukoni bila kuzihesabu. Nikamuuliza kama kuna kitu kingine. Akasema, "Piga simu kwa mama. Wewe ndiye ulimwambia, si mimi."

Nikapiga akiwa amesimama hapo hapo, spika imefunguliwa. Nikamweleza mama wa watu kuhusu mvua, kuvu, madoa, homoni, nikajikanyaga mara nyingi, hata Australia nilimtajia sijui ya nini. Akanyamaza mpaka nikadhani kredo imeisha.

"Kwa hivyo, madam," akasema, "dume lenyewe lilikuwa ni majani?"

"Eeh mama. Yalikuwa majani."

"Na hayo majani nani alimwambia mtoto wangu ayakate mara mbili?"

Kijana akatoka nje kuangalia kondoo, nikamsikia huko kwa giza akicheka.